Adabu za Uwanja wa Filamu: Wanayopaswa Kujua Waigizaji, Mafundi na Wenyeji

Kampuni ya filamu ikiingia kijijini huonekana kabla ya kusikika. Malori mawili matatu hufika alfajiri, nyaya hutandazwa uani, jenereta hupelekwa mbali nyuma ya mikorosho, na watu wenye redio za mkononi huanza kupita nyumba hadi nyumba wakiomba kuku wafungiwe. Kufikia saa mbili asubuhi vijana wa mtaa wamejipanga kando ya ua wakitaka kujua kama kuna kazi. Mara nyingi ipo. Huhitajika watu wa kupita sokoni kwenye onyesho, wapishi, walinzi, maseremala, waendeshaji bodaboda wa kukimbiza vifaa, na mwenye nyumba inayofaa hadithi.

Kinachowanyima wengi kazi ya siku ya pili si ukosefu wa kipaji. Kazi ya filamu ina desturi zake, nyingi hazijaandikwa popote, na mgeni huzijua kwa kukemewa mbele za watu au kwa kutoitwa tena bila kuelezwa sababu. Makala haya yanaeleza desturi hizo na sababu zake, kwa wakazi wanaoajiriwa na kwa wale ambao kijiji chao kimegeuzwa uwanja wa kazi kwa siku chache.

Kenya si ngeni katika shughuli hii. Filamu ya Born Free ilipigwa picha nchini na kutoka mwaka wa 1966. Out of Africa ya mwaka wa 1985 ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. The Constant Gardener ya 2005 iliwapeleka watengenezaji wake Kibera na Loiyangalani, na baadaye wakaanzisha mfuko wa hisani wa kuzisaidia jamii zilizowapokea. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na mpango wa kuwafunza vijana wa Afrika kazi hii, na mwigizaji wake mkuu, Joseph Wairimu, akapata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo. Tamthilia za televisheni kama Sultana nazo zimewazoesha watazamaji kuona maisha ya Pwani na kusikia Kiswahili cha Pwani kila jioni. Kilifi ina magofu ya Gede, mabonde mekundu ya Marafa, Mida na mikoko yake, na fuo ambazo kamera inazipenda. Wageni wa aina hii wataendelea kuja.

Saa ya mwito

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, kila aliyeajiriwa hutumiwa karatasi ya mwito, siku hizi kwa WhatsApp. Ndiyo inayoonyesha onyesho gani litapigwa picha, mahali gani, nani afike saa ngapi, nani amsimamie nani, jua litachomoza na kuchwa saa ngapi, na hospitali iliyo karibu ni ipi. Mtu anayepuuza karatasi hii hana la kujitetea kesho yake.

Tahadhari moja ni ya wasomaji wa Kiswahili hasa. Karatasi hizo huandikwa kwa saa za Kizungu. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, na wapo waliowahi kujitokeza saa sita mchana wakiwa wameoga na kunyoa vizuri, wakakuta watu wanakula chakula cha mchana.

Saa ya mwito si saa ya kushuka kwenye matatu. Ni saa ya kuwa tayari kuanza kazi, chai ikiwa imeshanywewa na simu ikiwa imeshazimwa. Ukali huu una sababu. Kamera, taa, jenereta na magari hukodishwa kwa siku, kwa hiyo nusu saa ya kumngoja mtu mmoja inalipiwa kana kwamba watu arobaini walifanya kazi. Isitoshe, jua la ukanda wetu halina subira. Ule mwanga laini wa asubuhi na wa jioni, ambao wapiga picha huufuata hata wakavuka bahari, hapa karibu na ikweta hupita upesi mno. Ukishakosekana, onyesho linaahirishwa hadi kesho na bajeti inaongezeka.

Nani humwambia nani

Mwelekezi ndiye mwenye hadithi. Lakini anayeendesha uwanja, anayepaza sauti, anayeamua watu waingie au watoke, ni msaidizi wake wa kwanza. Mgeni huwachanganya wawili hawa, akaenda moja kwa moja kwa mwelekezi kuuliza choo kiko wapi. Kila idara ina mkuu wake: wa kamera, wa taa, wa sauti, wa mavazi, wa vipodozi, wa vifaa vya maigizo. Swali huanzia kwa mkuu wa idara ya muulizaji. Waigizaji wa ziada, ambao uwanjani huitwa ekstra, huwa na msimamizi wao, naye ndiye wa kuulizwa mambo ya nauli, chakula na malipo.

Jambo linaloudhi kuliko mengi ni ushauri usioombwa. Mwigizaji hupokea maelekezo kutoka kwa mwelekezi pekee. Mpiga kamera aliyeona kasoro humnong'oneza mwelekezi, hamwambii mwigizaji. Mwigizaji naye hamfundishi mwenzake, hata akiwa mkongwe na mwenzake ndiye anaanza. Mwigizaji akipewa maneno matatu na watu watatu hubaki amesimama katikati hajui ashike lipi, na aibu hiyo inaonekana usoni mwake kwenye picha.

Vivyo hivyo kwa vifaa. Mkazi mwenye roho nzuri akiona mtu anahangaika na taa nzito hukimbia kumsaidia. Nia ni njema, lakini taa za filamu hupata moto wa kuunguza ngozi, na stima inayoziwasha ni kubwa kuliko ya nyumbani. Aliyepewa dhamana ya kifaa ndiye anayekigusa. Hata baina ya mafundi wenyewe, wa kamera hahamishi taa na wa taa hashiki kamera, isipokuwa ameombwa.

Kimya

Hapa ndipo wenyeji na kikosi hugongana zaidi, na panastahili kuelezwa kwa kirefu.

Amri nyingi hutolewa kwa Kiingereza hata pale kikosi kizima ni cha Wakenya, lakini mpangilio wake ni ule ule kote duniani. Kwanza huamriwa kimya, na redio huirudia amri hiyo hadi kwa mlinzi aliye mwisho wa barabara. Fundi wa sauti huwasha mashine yake na kusema iko tayari. Kamera huwashwa. Mtu hujitokeza mbele ya kamera na kibao kilichoandikwa namba, akakigonga kwa kishindo, akaondoka. Ndipo mwelekezi anapotoa amri ya kuanza. Tangu lile neno la kwanza la kimya hadi mwelekezi aseme kata, hakuna anayetembea, anayekohoa kwa makusudi, wala anayefungua mfuko wa karanga. Anayeamua kwamba onyesho limekwisha ni mwelekezi. Mwigizaji akikosea neno huendelea, hakati mwenyewe.

Watazamaji wengi hudhani kibao ni mbwembwe. Mara nyingi picha na sauti hunaswa na mashine mbili tofauti, na baadaye lazima ziunganishwe. Mhariri hutafuta pale kibao kinapokutana kwenye picha na pale mlio wake unaposikika kwenye sauti, akavilinganisha. Bila hapo, midomo itasema kabla ya maneno.

Kipo kimya kingine kinachowashangaza wageni zaidi. Onyesho likimalizika, fundi wa sauti huomba watu wote wasimame pale pale walipo, wasipumue kwa nguvu, kwa nusu dakika au dakika nzima, ilhali hakuna anayeigiza. Ananasa sauti ya mahali penyewe. Chumba chenye dari ya makuti hakivumi sawa na chumba cha bati, na ufuo wa Watamu hauvumi sawa na ua wa Kaloleni. Mhariri akiondoa kikohozi katikati ya mazungumzo hubaki na shimo, na shimo hilo huzibwa kwa sauti hiyo tupu. Anayecheka wakati huo anaharibu kitu ambacho hakuna mtu atakiona lakini kila mtu atakisikia.

Kwa sababu ya sauti, mwenye nyumba huombwa azime friji na feni. Mafundi wa sauti wana mazoea ya kuweka funguo za gari lao ndani ya friji waliyoizima, ili wasiweze kwenda nyumbani bila kuikumbuka. Mama mwenye samaki humo ana haki ya kuulizia kama funguo zimewekwa.

Kimya hakiwezi kudaiwa kwa kila kitu. Adhana ikiadhiniwa, inaadhiniwa. Kengele ya shule ikilia, watoto watatoka. Kikosi chenye adabu huuliza nyakati hizi siku moja kabla na kupanga mapumziko yake humo. Kisichouliza hujikuta kikimwomba muadhini asubiri, na hapo heshima yake mtaani inakwisha.

Macho ya mwigizaji

Mwigizaji anayelia mbele ya kamera anajaribu kusahau kwamba watu ishirini wanamtazama. Kwa hiyo ni desturi kutosimama mahali ambapo macho yake yanaelekea, na asiye na kazi karibu na kamera husogea nyuma au hugeuza uso. Anayelazimika kupita mbele ya lenzi wakati kamera inapangwa husema kwa sauti kwamba anapita, ili mpiga kamera asishtuke.

Kisa maarufu cha jambo hili ni cha Christian Bale, alipokuwa akiigiza katika Terminator Salvation mwaka wa 2008. Mkuu wa kamera, Shane Hurlbut, alitembea machoni pake katikati ya onyesho. Bale alimfokea kwa matusi kwa dakika kadhaa. Sauti hiyo ilikuwa imenaswa, ikavuja Februari 2009 na kusikika ulimwenguni kote, naye akalazimika kuomba radhi hadharani. Wanaofanya kazi hii hukitumia kisa hicho kwa pande zote mbili. Kutembea machoni mwa mwigizaji ni kosa, na kosa hilo halimpi mtu ruhusa ya kumtukana mwenzake. Ingetosha kusimamisha kazi na kumwachia msaidizi wa kwanza alimalize jambo hilo. Wengi hukumbuka matusi tu, na ndivyo inavyostahili.

Kwa ekstra, kanuni ni rahisi kuitaja na ngumu kuifuata: asiitazame kamera. Mtu mmoja katika umati wa sokoni akigeuka kuangalia lenzi, onyesho zima hurudiwa. Asimwombe mwigizaji mkuu picha ya pamoja wakati wa kazi. Asibadilishe alivyo pia. Filamu hupigwa vipande vipande, na mtu anaweza kuingia mlangoni Jumatatu akatokea ndani ya nyumba Alhamisi. Akinyoa ndevu Jumanne, au akasuka nywele mtindo mwingine kwa ajili ya harusi ya binamu, mtazamaji atamwona akiingia na ndevu na kutokea bila ndevu. Kuna mfanyakazi maalumu wa kufuatilia mambo haya, anayeandika kikombe kilikuwa mkono upi na maji yalibaki kiasi gani. Ndiyo sababu meza iliyopangwa kwa onyesho haiguswi hata kama mahamri yaliyo juu yake yanaonekana yamesahauliwa.

Usalama

Haya yote yanaweza kuleta hasara ya fedha au aibu. Usalama ni jambo jingine, na hapa adabu ya kunyamaza na kufuata amri hukoma.

Tarehe 20 Februari 2014, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kikosi cha filamu ya Midnight Rider kiliweka kitanda cha chuma juu ya daraja la reli ili kupiga picha onyesho la ndoto. Kampuni ya reli haikuwa imewaruhusu kuingia relini. Treni ya mizigo ikaja. Msaidizi wa kamera Sarah Jones, mwenye umri wa miaka 27, aliuawa na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Mwelekezi, Randall Miller, alikiri mahakamani mwaka wa 2015 kuua bila kukusudia na kuingia mahali bila ruhusa, akafungwa.

Waliokuwa darajani siku hiyo hawakuwa wajinga. Walidhani aliye juu yao ameshauliza. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na swali la ruhusa halikuwa kazi yake. Kaunti hii ina reli inayopita Mariakani, ina barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi yenye malori ya usiku na mchana, ina Mto Sabaki wenye mamba na viboko, na ina kingo za Marafa zinazomomonyoka mvua ikinyesha. Mwenyeji aliyeajiriwa kubeba vyuma anaijua bahari inavyojaa na kukata njia ya kurudi kuliko mwelekezi aliyetoka Nairobi jana. Kusema hivyo si utovu wa adabu. Katika viwanja vinavyoendeshwa vizuri, mtu yeyote, hata wa kubeba chai, ana haki ya kusema simama akiona hatari, na hafokewi hata ikibainika aliogopa bure.

Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mkuu wa kamera Halyna Hutchins aliuawa na mwelekezi Joel Souza akajeruhiwa wakati wa maandalizi ya onyesho la filamu ya Rust. Bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilitoa risasi halisi, baada ya kutangazwa kwamba ni salama. Asubuhi hiyo hiyo baadhi ya mafundi wa kamera walikuwa wameacha kazi wakilalamikia mazingira ya kazi na usalama. Machi 2024 mtunza silaha wa filamu hiyo, Hannah Gutierrez-Reed, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Desturi inataka silaha, hata ya bandia, ishikwe na mtunza silaha peke yake hadi dakika ya mwisho, ifunguliwe mbele ya mwigizaji na wote walio karibu waone haina kitu, na irudishwe kwake onyesho likikatwa. Ekstra aliyepewa bunduki ana haki ya kuomba aonyeshwe. Anayepewa hachezi nayo wala hamwelekezei rafiki yake ili kupiga picha ya simu.

Milio ya risasi za bandia ina upande mwingine. Polisi wa kituo cha karibu hujulishwa mapema, na majirani huambiwa saa na mahali. Bibi mgonjwa hapaswi kugundua kwamba ni filamu baada ya kukimbilia mvunguni mwa kitanda.

Uchovu pia huua. Brent Hershman, msaidizi wa kamera katika filamu ya Pleasantville, alifariki Machi 1997 baada ya kusinzia kwenye usukani akirudi nyumbani kutoka kazi ya saa 19. Katika mikataba ya vyama vya wafanyakazi wa Hollywood, mtu hatakiwi kupita saa 6 bila mlo. Hapa kwetu makubaliano hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo mapumziko, chakula na usafiri wa usiku ni mambo ya kuulizwa kabla ya kukubali kazi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima. Mwajiri anayeulizwa kuhusu bima hiyo na kukasirika ameshajibu.

Mwili wa mtu na heshima yake

Maonyesho ya mapenzi, ya kuvua nguo au ya kupigwa hayabuniwi papo kwa papo. Kila mguso hukubaliwa mapema na wanaohusika, na hakuna kinachoongezwa kamera ikiwa imewashwa. Tangu Oktoba 2017, magazeti ya Marekani yalipofichua madai dhidi ya prodyusa Harvey Weinstein, kampuni nyingi zimekuwa zikiajiri mratibu maalumu wa maonyesho ya aina hii, na kuwatoa uwanjani wote wasiohitajika. Kampuni ndogo isiyoweza kumwajiri mratibu bado inaweza kufunga mlango na kuuliza ridhaa.

Usaili wa waigizaji hufanyika mchana, mahali pa wazi, na zaidi ya mtu mmoja akiwepo. Chumba cha hoteli usiku si ofisi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhusu pia mwenye mamlaka anayetumia kazi kama chambo. Anayehitaji msaada anaweza kupiga 1195 bila malipo. Kwa mtoto, namba ni 116. Mtoto hafanyi kazi uwanjani bila mzazi au mlezi kuwepo na kumwona kwa macho, na ratiba yake hupangwa bila kumkosesha shule.

Simu hazistahili maneno mengi. Hadithi, mavazi na sura za waigizaji ni mali ya wenye filamu hadi siku ya kuonyeshwa. Picha moja iliyorushwa TikTok inatosha kumfukuzisha mtu, na mara nyingi mkataba unaeleza hivyo.

Wajibu wa wageni kwa kijiji

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa au kuuzwa kwa umma awe na leseni, na kampuni za kigeni hupitia kwa wakala wa humu nchini aliyesajiliwa. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti majukumu ya shughuli za kitamaduni, bustani za kaunti, fuo na mahali pa burudani. Kwa hiyo wakazi wana haki ya kuuliza wanaowaona wakifunga barabara ya mtaa au kuzuia sehemu ya ufuo wana kibali gani. Msimamizi wa wadi na chifu wanapaswa kujua kabla ya malori kufika. Droni haziruki bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), hata za harusi.

Kibali cha serikali hakimalizi kila kitu. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, ina wazee wake na miiko yake. Mahali pengine humo hapaingiwi na kamera kabisa, na pengine huingiwa kwa mavazi na utaratibu wanaoutaka wazee. Anayeuliza kwanza huongozwa. Anayetuma droni juu ya kaya ili kukwepa kuuliza amewavunjia wazee heshima na amewaharibia wote watakaokuja baada yake. Magofu ya Gede yako chini ya Makavazi ya Kitaifa, na hifadhi ya bahari ya Watamu iko chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS). Kila mojawapo ina masharti yake.

Mvuvi anayevuta nyavu si pambo la mandhari. Kumpiga picha kwa ajili ya filamu bila kumuuliza ni kumkosea, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua picha inayomtambulisha mtu kuwa habari yake binafsi. Fomu ya ridhaa ya picha ndiyo hutumika. Kwa kawaida fomu hiyo huipa kampuni ruhusa ya kutumia sura ya mtu popote na bila kikomo cha miaka, kwa hiyo husomwa kabla ya kutiwa sahihi, huelezwa kwa lugha anayoielewa mtia sahihi, na nakala hubaki kwake.

Pesa

Makubaliano ya malipo hufanywa kabla ya jua kuchomoza siku ya kazi, wala si jioni watu wakiwa wamechoka. Yanayopaswa kujulikana ni kiasi cha siku, saa ngapi zinahesabiwa kuwa siku, malipo ya saa za ziada, nauli, chakula, na pesa zitatumwa lini kwa M-Pesa. Ujumbe wa simu unaoeleza hayo ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Akiwepo mtu wa kati aliyewaleta vijana, aulizwe mbele yao anakata kiasi gani.

Anayeajiri kwa kweli hulipa, halipwi. Ada ya kujisajili, ada ya fomu, ada ya kupigwa picha za usaili, ada ya sare: zote ni dalili za ulaghai, hata anayedai akitaja jina la kituo kikubwa cha televisheni. Aliyetapeliwa aripoti katika kituo cha polisi akiwa na namba ya simu iliyopokea pesa na ujumbe wa M-Pesa, bila kuufuta kwa hasira.

Mwenye nyumba hulipwa kwa utaratibu wake. Kabla ya kiti cha kwanza kuhamishwa, msimamizi wa maeneo hupiga picha kila chumba, kila ukuta, kila ufa uliokuwepo, naye mwenye nyumba anashauriwa apige zake kwa simu. Kazi ikiisha wote wawili hupita tena na picha hizo mkononi: vitanda vimerudi vilipokuwa, misumari imeng'olewa, rangi iliyopakwa kwa ajili ya hadithi imeondolewa au imekubaliwa ibaki, taka zimechukuliwa, friji imewashwa. Dai la kilichovunjika hutolewa hapo hapo na kuandikwa, kabla malori hayajawashwa.